Nyanya za bandani ziko kwenye maua, majani ya chini yanageuka manjano: niweke CAN, chumvi ya Epsom, au ning'oe?

NyanyaUsaRiver
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la mita 8 kwa 15 hapa Usa River, miche 480 ya nyanya ndefu za kufunga kamba, wiki ya tisa tangu niihamishe kutoka kitaluni. Kichala cha kwanza kina matunda ya ukubwa wa ndimu, cha pili kinashika, cha tatu ndiyo kinafungua maua.

Tangu wiki iliyopita majani ya chini yanakuwa manjano. Mishipa ya jani imebaki kijani, palipopauka ni katikati ya mishipa. Manjano yameshafika usawa wa kichala cha kwanza na yanapanda.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Duka la pembejeo wanasema niongeze CAN, ile mbolea ya naitrojeni. Jirani mwenye banda kama langu anasema chumvi ya Epsom. Kijana ninayefanya naye kazi anaona ni mnyauko, tung'oe kabla haujasambaa. Fedha iliyobaki inatosha kununua kitu kimoja tu. Naomba mnilinganishie. Tangu maua yaanze naweka potasiamu naitreti kwenye maji ya matone kila siku ya tatu, niliambiwa ndiyo inashikisha maua.

MamaIlula
Pole kaka. Kabla ya kununua chochote tazama manjano yameanzia wapi na yamekaaje. Mche ukikosa naitrojeni, jani la chini hupauka lote, mishipa na kila kitu, na mmea mzima unakuwa mwembamba wa rangi ya majani makavu. Hapo CAN inasaidia. Lako halisemi hivyo. Ukimwaga CAN sasa, mche utakimbilia majani, shina linanenepa, maua yanadondoka. Nimeliona hilo kwenye shamba langu la wazi na bado linaniuma.

BwanaShambaMstaafu
Mama Ilula kasema kweli, mimi naongeza kwa nini.

Mishipa kijani, katikati manjano, kuanzia majani makuukuu: hiyo ni sura ya upungufu wa magnesiamu. Magnesiamu iko ndani ya ule ukijani wenyewe wa jani, na ni madini yanayohama. Matunda yakianza kujaa, mche unaichota kutoka majani ya zamani na kuipeleka juu. Ndiyo maana tatizo hujitokeza wakati wa maua na matunda, hata kama miche ilikuwa mizuri mwezi uliopita.

Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Potasiamu na magnesiamu hugombania mlango mmoja kwenye mizizi. Ukiweka potasiamu kila siku ya tatu, magnesiamu inaweza kuwepo kwenye udongo na mche usiipate. Amonia nayo hufanya hivyo hivyo, na karibu nusu ya naitrojeni ya CAN ni amonia. Kwa hiyo CAN haiko tu pembeni ya tatizo lako, inaweza kulizidisha.

Kati ya vitatu ulivyotaja, mimi naanza na Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti, kwa kupulizia majani: gramu 10 kwa lita, yaani gramu 150 kwenye bomba la lita 15. Pulizia jioni jua likishapoa, rudia baada ya siku 7 hadi 10. Kuweka kwenye udongo kunafaa pia, ila kunachelewa, na kwa jinsi ulivyoujaza potasiamu utasubiri sana. Punguza hiyo potasiamu iwe mara moja kwa wiki.

Mwea_Chini
Salamu kutoka Kirinyaga. Kabla hujaamua kuhusu kung'oa, pima. Haichukui hata dakika kumi. Mnyauko wa bakteria hausubiri manjano: mche unanyauka ungali kijani, leo umesimama, kesho kutwa umelala. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria. Mnyauko wa fuzari nao huanza manjano upande mmoja wa mche, na ukipasua shina kwa urefu unakuta mstari wa kahawia chini ya ganda. Usipoona hata kimoja, kung'oa miche 480 ni hasara ya bure.

Pindua majani pia. Vidoa vidogo vya manjano kama vumbi na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri mwekundu, na bandani huo huzaana haraka mno. Nayo ile mnayoiita rasta huko Tanzania, virusi vinavyosambazwa na nzi weupe, hushika majani machanga ya juu: yanadumaa na kujikunja kingo kwenda juu. Haianzii chini.

DadaTengeru
Mimi nataka kujua maji unayotumia. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru ni ya magadi, na kwenye magadi madini ya chuma hayapatikani kwa mizizi. Sura yake inafanana sana na ya magnesiamu, mishipa kijani na katikati manjano, ila inaanzia *juu*, kwenye majani machanga. Wengi huchanganya hizi mbili, wanapulizia Epsom wiki nzima na ncha zinazidi kuwa nyeupe. Ukiona juu kumepauka, tafuta mbolea ya chuma cha aina ya EDDHA. Kile cha EDTA ni rahisi kukipata lakini kwenye magadi kinaishiwa nguvu.

NyanyaUsaRiver
Asanteni sana, nimetoka bandani sasa hivi. Juu ni kijani kizuri. Chini ya majani hakuna utando. Nimekata mche mmoja nikaweka kwenye glasi, maji yamebaki safi bila uzi wowote robo saa nzima. Shina halina kahawia.

Ila kona ya mlangoni kuna miche minne ambayo manjano yake ni ya jani zima, na saa sita mchana inalegea hata ikiwa imenyweshwa. Nimeng'oa mmoja. Mizizi ina vinundu vinundu, mingine mikubwa kama punje ya mahindi.

Mwea_Chini
Hao ni minyoo fundo. Hiyo minne ni kesi tofauti kabisa, Epsom haitaigusa. Itoe na udongo unaoshikamana na mizizi, usiweke kwenye mboji, na jembe ulilotumia lioshe kabla halijagusa mstari mwingine.

MamaIlula
Kaka, usipulizie banda lote mara moja. Acha mistari miwili bila kitu. Funga uzi kwenye shina pale manjano yalipoishia leo, miche kumi kila upande. Uzi hausahau.

BwanaShambaMstaafu
Vizuri. Na usichanganye Epsom na kalsiamu naitreti kwenye tangi moja la mbolea nzito. Vinashikana na kuwa jasi, tope jeupe linaloziba matundu ya matone.

NyanyaUsaRiver (siku ya 12)
Wakuu, narudi na majibu. Nilipulizia mara mbili, potasiamu nikaishusha hadi mara moja kwa wiki.

Mistari iliyopuliziwa: kati ya miche kumi yenye uzi mwekundu, tisa manjano hayajavuka uzi. Mistari miwili niliyoiacha: manjano yamepanda jani moja, kwenye mitatu yamepanda mawili. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayakurudi kijani, nilidhani yatarudi. Je, niyakate?

MamaIlula
Hayarudi, hilo ni la kawaida. Yaliyo chini ya kichala cha kwanza toa, upepo upite. Ya juu yake ambayo bado yana kijani nusu yaache, yanalisha matunda. Usitoe zaidi ya mawili matatu kwa mche kwa mara moja, na fanya asubuhi ili kidonda kikauke.

DadaTengeru
Ukimaliza msimu peleka udongo TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakupimie, pamoja na pH ya maji. Na ile mistari miwili ipulizie leo, imeshafanya kazi yake.

NyanyaUsaRiver
Nimeshapulizia jioni hii. Mashimo manne ya mlangoni nimeyaacha wazi, nitapanda bangi-mwitu (marigodi) za njano zile za maua, jirani amenipa mbegu.

Mwea_Chini
Zile za harufu kali, ndiyo. Zipande zikae miezi mitatu minne hapo hapo, ndipo zinapopunguza minyoo. Kuzipitisha tu mwezi mmoja hakutoshi.