Tupeane uzoefu: tiba ya uraibu ya kwenda kliniki na kurudi nyumbani

Mama wa Igoma: Leo nimemwona kijana akisinzia kituo cha daladala, nikakumbuka miezi ya mwanzo ya methadoni ya mwanangu, ambaye alikuwa akitumia heroini. Kila asubuhi, hata sikukuu, alikunywa dawa ya maji mbele ya muuguzi, kisha akaambiwa azungumze ili ionekane ameimeza. Dawa haikunishinda, nauli ndiyo iliyonishinda. Tulipokosa siku tatu mfululizo, daktari alikataa kumrudishia dozi ileile kabla ya kumpima upya, kwa kuwa mwili huanza kuisahau dawa na dozi kubwa ingeweza kumuua. Usiku ule wa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, alijikunja sakafuni akinisihi nimfungulie mlango, nami nilikaa na ufunguo kifuani mpaka adhana ya alfajiri.

Mkazi wa Mabatini: Pole sana, mama. Nauli ndiyo inayowarudisha wengi kijiweni.

Mwanakwaya: Mnisamehe, lakini huko ni kuacha unga na kushika unga mwingine.

Miaka Minne Safi: Si kweli, ndugu yangu. Kete ya heroini ilinishika saa chache tu, kisha nikaanza kuwaza ya kuiba. Methadoni hunitosha siku nzima bila kulewa, nami nashinda gereji nikifanya kazi.

Mvuvi wa Ukerewe: Kwetu tatizo ni gongo. Mdogo wangu aliapa kanisani siku ya Ijumaa kwamba hanywi tena, nasi tukashangilia. Usiku huo alishindwa kushika kikombe cha uji kwa kutetemeka. Jumapili alfajiri tulimkuta ameketi kitandani, jasho likimtiririka, akinasua samaki mmoja mmoja kutoka kwenye nyavu ambazo hazikuwapo, na kila alipomnasua mmoja alitukabidhi. Baadhi yetu walisema amerogwa. Kisha akaanguka kifafa. Hospitalini tuliambiwa ni mlevi tu, asubiri, akasubiri kwenye benchi mpaka daktari mwingine alipopita, akaagiza sindano ya diazepamu na vitamini B1. Aliponea hapo.

Mwanakwaya: Sikujua kwamba kuacha pombe ghafla kunaweza kuua.

Shangazi: Mpeni uji wa mtama, na fedha asishike kabisa.

Miaka Minne Safi: Mimi nilipona nilipoaminiwa kushika fedha, shangazi.

Dada wa Nyakato: Je, mlevi naye anaweza kupewa methadoni?

Miaka Minne Safi: Hapana, dada. Hiyo ni ya heroini na jamii yake, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi.

Dada wa Nyakato: Nauliza kwa sababu mume wangu hajanywa tangu jana asubuhi, na sasa mikono inamtetemeka na anaongea na mtu asiyekuwapo. Nimsubirie kliniki ya Jumatatu?

Mvuvi wa Ukerewe: Usisubiri, dada. Ita bodaboda au bajaji sasa hivi, mpeleke hospitali ya karibu, na uwaambie mlangoni saa aliyokunywa mara ya mwisho.