Mauaji ya vikongwe Usukumani: chanzo ni imani ya uchawi au ni shamba?

Wachangiaji wawili walionitangulia wametoa hoja zinazopingana. Wa kwanza anasema kwamba vikongwe wanauawa Usukumani kwa sababu wananchi hawajaelimika na bado wanaamini uchawi, hivyo dawa ni shule na mahubiri. Wa pili anasema kwamba wauaji wanadekezwa, na kwamba serikali ikirudia kuwanyonga mauaji yatakoma. Naziheshimu hoja zote mbili, lakini naona zote zinaanza kuhesabu tangu usiku wa panga, wakati kifo cha bibi kizee huwa kimeandaliwa miezi mingi kabla, ndani ya ukoo wenyewe, na mara nyingi kwa ajili ya ardhi.

Nianze na imani. Utafiti wa taasisi ya Pew uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Watanzania zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliamini kwamba uchawi upo. Imani hiyo imeenea pwani na bara, kwa waliosoma na wasiosoma, makanisani na misikitini, ilhali mauaji ya vikongwe yameandama zaidi mikoa kama Shinyanga, Mwanza, Tabora, Simiyu na Geita. Jambo lililo kila mahali haliwezi peke yake kueleza kwa nini damu inamwagika hapa na si pale, mwaka huu na si mwaka jana.

Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alilichunguza swali hilo la kwa nini mwaka huu na si mwaka jana katika vijiji vya wilaya ya Meatu, hukohuko Usukumani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Aligundua kwamba mvua zikikosekana, au zikinyesha kupita kiasi hadi mazao yakaharibika, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yaliongezeka takriban mara mbili, huku mauaji ya aina nyingine yakibaki vilevile. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na waliowaua kwa kawaida walikuwa ndugu zao. Imani haikuwa imebadilika kati ya mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Kilichobadilika ni kiasi cha chakula ghalani na idadi ya midomo ya kulishwa.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Bibi yangu mzaa mama aliishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Maswa, akiwa mjane. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa juani, na moshi wake ulijaa katika kijumba kisicho na dirisha hata sisi watoto tukakimbilia nje kupumua, huku yeye akibaki ameinama, akisonga ugali na kujifuta machozi kwa pindo la kanga. Tangu nilipomfahamu macho yake yalikuwa mekundu, na wekundu huo ndio watu wanaouita alama ya mchawi. Kuni zilikuwa adimu kwa sababu miti ya Shinyanga, mkoa ambao zamani ulijumuisha Maswa, ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha ikaendelea kufyekwa kwa ajili ya mashamba ya pamba na mifugo, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) wa kurudisha uoto na ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kimila.

Mjukuu wa shemeji yake bibi alipofariki kwa homa, watu wa upande wa mume walikwenda kwa mganga kupiga ramli. Siku chache baada ya hapo bibi alikuta karatasi imechomekwa mlangoni, haina jina, ikimtaka ahame kabla ya mvua za kwanza. Mama yangu alipopata habari alimfuata na kumleta mjini, na ndiyo sababu bibi alikufa kitandani, kwa uzee. Msimu uliofuata ekari zake tatu zililimwa na watu walewale waliokwenda kwa mganga, na hakuna kiongozi wa kijiji aliyewauliza wamezipataje.

Wanaofanya hivyo hawalimi gizani, kwa maana sheria yenyewe imewaachia mwanya. Kanuni za urithi katika Tangazo la Sheria ya Mila la mwaka 1963 zinamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake, na kumwachia tu haki ya kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani mwao na wakwe walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikatamka kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Mwanamke anayelima kwa hisani ya wakwe huonekana amelikalia shamba la watu, na mganga akishamtaja, ukoo umepata sababu ya kumwondoa ambayo kila jirani ataikubali.

Nakubali kwamba ardhi haielezi kila kesi. Mwaka 2024 huko Muleba, mkoani Kagera, aliuawa mtoto mdogo mwenye ualbino, na pale hapakuwa na shamba la kugombania. Hata hivyo miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba yake mzazi, na jambo hilo linanirudisha palepale, kwamba hatari mara nyingi iko ndani ya boma. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2017 wanawake wapatao 87,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na takriban 50,000 kati yao waliuawa na wenzi wao au ndugu zao.

Kuhusu kitanzi, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaamuru kifo kwa muuaji, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka 1994. Lakini mkata panga wa kukodiwa akinyongwa, aliyemlipa atabaki na shamba na mganga atabaki na wateja. Mashahidi ni watoto na wajukuu wa familia ileile, na wengi wao hunyamaza. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 bado inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayetuhumiwa uchawi akaishi mahali pengine, yaani dola inaweza kumwondoa bibi katika ardhi yake bila panga.

Mimi ningetaka kila upelelezi wa mauaji ya kikongwe uanze na masjala ya ardhi ya kijiji, na jina la anayelima shamba la marehemu msimu unaofuata liingie kwenye jalada la polisi. Mchangiaji wa pili amesema anatoka Kahama na kwamba anawafahamu vikongwe watatu waliouawa kijijini kwao. Namwomba atueleze mashamba yao leo yako mikononi mwa nani.