Krimu ya jinsengi imening'arisha ndani ya siku tano, na nanyonyesha. Niendelee?

Mama Nuru: Habari za jioni wapendwa. Wiki tatu zilizopita nilinunua krimu Kariakoo, kopo lina picha ya ule mzizi wenye miguu kama mtu. Muuzaji akaniambia ni jinsengi tupu ya Korea, inaondoa madoa ya mimba. Siku ya tano uso ulishang'aa hadi wifi yangu akauliza nimepaka nini. Sasa nikitoka juani mashavu yanawaka moto, na pembeni mwa pua nimetoka vipele. Mtoto ana miezi minne. Huu mzizi una madhara?

Kidawa: Pole shoga. Mimi natumia seramu ya jinsengi mwaka wa pili, dada yangu huniletea kutoka Seoul. Ngozi inalainika, haikauki, basi. Rangi haijabadilika hata kidogo. Hiyo ya siku tano inanitia wasiwasi.

Mfamasia: Mama Nuru, mzizi wenyewe usikutishe. Jopo la Marekani linalopitia usalama wa viambato vya vipodozi liliuchunguza likaona ni salama kupaka, mradi mtengenezaji ahakikishe bidhaa yake haileti mzio. Wapo wanaowashwa, hasa krimu ikichanganya mimea mingi. Lakini jinsengi haimng'arishi mtu kwa siku tano! Wanaofanya kazi hiyo ni zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua), au steroidi kali kama klobetasoli, ambazo ni dawa za kutibu magonjwa ya ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, ndiyo maana haziandikwi. Hebu soma kopo. Tafuta neno Panax, ndilo jina la kisayansi la jinsengi. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ukilikuta mkiani ujue wametia kidogo sana.

Mama Nuru: Nimeligeuza lote. Hakuna orodha ya viambato, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna jina la kiwanda. Ni picha ya mzizi tu.

Baba Shani: Dada, acha hiyo kitu. Mke wangu alipaka ya namna hiyo, alipoacha uso ukavimba na kuwa mwekundu, akairudia ili utulie. Tulihangaika sana.

Mfamasia: Baba Shani amesema la muhimu. Kama ndani mna steroidi, uso unaweza kuchafuka ukiacha. Usiirudie, muone daktari wa ngozi. Mweleze kwamba unanyonyesha, na muulize kuhusu kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Zebaki huharibu figo, na mtoto huipata kwa kugusana na ngozi yako, hata kwa taulo na foronya. Fua vyote. Kopo usilitupe, lifunge kwenye mfuko ulipeleke TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Wao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019.

Mama Nuru: Nimenawa sasa hivi. Taulo ninalojifutia uso ndilo ninalomfungia mtoto akitoka kuoga. Kesho asubuhi naenda naye hospitali.