Naomba ushauri: negativu za inchi 4 kwa 5 zinatoka nzito (nyeusi zaidi) kwenye kingo

Wakuu, nasafisha filamu za picha nyeusi na nyeupe kwenye trei, gizani kabisa, vipande vinne kwa pamoja. Dawa ya kusafishia ni D-76 niliyochanganya na maji nusu kwa nusu, nyuzi 20. Naviloweka kwanza kwenye maji visigandane, kisha natoa cha chini na kukiweka juu, mfululizo, bila kupumzika. Anga katikati ni safi, ila kwenye kingo inatoka nzito zaidi, na mara nyingi kipande kimoja hukwaruzwa na kona ya mwenzake. Mkwaruzo ndio unaoniuma hasa, maana kwa picha moja huwa nasubiri mwanga asubuhi nzima. Nipunguze kasi ya mikono, au nisafishe kimoja kimoja? Mliohamia kwenye tangi la kuzungusha, kingo zilitulia?