Mbegu za areka na monstera: zianikwe kwanza au zipandwe mbichi?

Swali la Mwenyeji wa Tanga

Habari zenu, ndugu zangu. Nyumbani kwetu Tanga kuna kichaka cha areka, mti wa mapambo wa jamii ya minazi, ambacho mwaka huu kimezaa sana. Vishada vimening'inia vikiwa na matunda ya manjano, na yale yaliyopevuka zaidi yamekwisha kugeuka rangi ya chungwa na yanadondoka yenyewe. Nimekusudia kuotesha miche kutokana na mbegu hizo, mingine niipande hapa nyumbani na mingine niwapelekee ndugu zangu walioko Arusha na Nairobi. Tatizo ni kwamba ushauri ninaoupata unapingana. Jirani yangu, ambaye ni mkulima hodari wa nafaka, anasisitiza kwamba mbegu sharti ianikwe juani mpaka ikauke, ndipo ihifadhiwe kusubiri masika, ilhali muuza maua wa barabarani ananiambia nizipande zikiwa mbichi. Zaidi ya hayo, nimeona mtandaoni watu wakiuza mbegu za monstera (ule mmea wa mapambo wenye majani makubwa yaliyotoboka) yenye mabaka meupe kwa bei ndogo mno. Naomba mwenye uzoefu anieleze lipi la kufuata, na kama mbegu hizo za monstera zinafaa kununuliwa.

Jibu la Mtunza Kitalu, Muheza

Ndugu yangu, mfuate muuza maua. Jirani yako anasema kweli kuhusu mahindi, kwa sababu punje ya mahindi imeumbwa ikauke, ilale miezi kadhaa, kisha iamshwe na mvua. Areka asili yake ni misitu yenye unyevu ya mashariki ya Madagaska, na mbegu yake haikuumbwa kungoja. Ukiianika juani, kiinitete kilichomo ndani, yaani kile kimche kichanga kinachosubiri kuota, hunyauka, na ukija kuifukia wakati wa masika utakuwa umefukia mbegu iliyokwisha kufa. Ikikulazimu kuzihifadhi kwa muda, zipepee kivulini mpaka maji ya juujuu yaondoke, zifunge kwenye mfuko wa nailoni na uziweke ndani ya nyumba mahali pasipo na jua. Usizitie kwenye jokofu, kwa kuwa baridi huziharibu pia.

Chuma matunda ya manjano iliyokolea na yale ya rangi ya chungwa, na ya kijani yaache yaendelee kupevuka mtini. Yaloweke siku mbili au tatu huku ukibadilisha maji kila siku, kisha yasugue kwa mchanga juu ya chujio mpaka nyama ya tunda itoke na ibaki mbegu yenye nyuzinyuzi. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke, kwa sababu nyama ikibaki itachacha udongoni na kukaribisha ukungu. Kabla ya kusia, chukua mbegu mbili tatu uzikate kwa kisu kikali: mbegu nzima ina kiini cheupe, kigumu, kilichojaa mpaka kwenye ganda, na upande mmoja utaona kitundu kidogo ambamo kiinitete kimekaa. Ukikuta kiini cha kahawia, kilicholegea au kilichosinyaa, basi mbegu za kishada hicho usizitegemee sana.

Kwa udongo wa kusia, nyinyi wa pwani mna makumbi ya nazi, nami sioni sababu ya kununua kitu kingine. Yasage, yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa ili chumvi itoke, kisha yachanganye na mchanga wa mto. Mchanga wa baharini usiuguse. Fukia mbegu kidogo tu, kiasi cha unene wake, na uweke kopo au trei kivulini penye joto. Areka huota vizuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 27 na 32, na Tanga mnalipata joto hilo bila kifaa chochote. Baadhi ya mbegu zitatokeza baada ya mwezi mmoja au miwili, nyingine zitachelewa zaidi, na kuchelewa huko ni tabia ya jamii yote ya minazi. Nawaonea huruma watu wanaomwaga trei nzima eti mbegu zimekufa, ilhali nusu yake ndiyo kwanza inaanza kupasuka.

Jibu la Mpenda Majani, Nairobi

Ninaunga mkono yote aliyoyasema ndugu wa Muheza, na ninaongeza mambo mawili. Kwanza, miche ioteshe huko Tanga mpaka ishike vizuri ndipo uisafirishe, kwa maana hapa Nairobi usiku wa mwezi wa Julai joto hushuka hata karibu na nyuzi 12, na mbegu ya areka ikikaa katika udongo baridi na uliolowa huoza kabla haijaota. Miche inayokuja kwetu inahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, ambacho huombwa kabla ya mzigo kuondoka, pamoja na hati ya afya ya mimea inayotolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea kwa upande wa Tanzania. Tafadhali usiipitishe mpakani kimyakimya ndani ya begi. Udongo ulioshikamana na mizizi unaweza kubeba minyoo fundo, wale wanaotia mizizi vinundu, na vimelea vingine, na anayeumia ni mkulima wa mboga ambaye hata hajui areka ni nini.

Pili, kuhusu monstera yenye mabaka meupe, usitoe pesa yako. Weupe ule hutokana na badiliko lililotokea katika baadhi ya seli za ncha ya shina inayokua, huku seli za jirani zikibaki za kijani, na mchanganyiko huo haupiti kwenye mbegu kwa namna ya kutegemewa. Ndiyo maana wakuzaji huzidisha mmea huo kwa vipandikizi vyenye kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye shina, au kwa kukuza tishu maabara. Monstera ya kawaida ya kijani huota kwa mbegu bila taabu, ila mbegu yake haivumilii kukauka hata kidogo. Mbegu nzuri ni laini, ina rangi ya kijani iliyofifia au ya maziwa, na huwa imetunzwa katika unyevu tangu ilipotolewa kwenye tunda. Ukiletewa vipakiti vya mbegu ndogo nyeusi zilizo kavu, umeuziwa kitu kingine. Majani ya kwanza ya mche wa monstera hayana matundu wala mipasuko, kwa hiyo ukimpelekea mtu mche mdogo mweleze mapema, asije akadhani amedanganywa.

Mwenyeji wa Tanga anauliza tena

Nawashukuru sana nyote wawili. Kibali nitakifuatilia. Naomba niongeze maswali mawili: miche ikishaota niihamishe lini, na niweke mingapi katika chungu kimoja? Tena, ndugu yangu wa Arusha anasema areka alizowahi kununua huungua ncha za majani hata azimwagilie vipi.

Jibu la Mtunza Kitalu, Muheza

Jani la kwanza la areka halina umbo la unyoya kama majani ya mama yake, bali ni jani moja lililopasuka katikati na kuwa na ncha mbili. Likishakunjuka lote na la pili likianza kuchungulia, hamisha mche taratibu bila kukata mzizi wake. Weka miche mitatu mpaka mitano katika chungu kimoja, kwa kuwa mche mmoja huchukua muda mrefu kutoa machipukizi, na vile vichaka vinene unavyoviona vikiuzwa kwa kawaida ni miche mingi iliyopandwa pamoja. Wakati wote huo jihadhari na kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo mpaka mche unalala. Mwagilia asubuhi, usibananishe miche, na kama umeifunika kwa nailoni ifunue kila siku ipate hewa.

Kuhusu Arusha, mimi nashuku maji. Maji ya sehemu nyingi za mkoa ule yana madini ya floraidi kwa wingi, na areka ni miongoni mwa mimea ambayo floraidi huichoma ncha za majani, hivyo kumwagilia zaidi kwa maji yaleyale huongeza tatizo. Mwambie akinge maji ya mvua kwa ajili ya vyungu vyake, na asitumie mbolea ya superfosfeti, kwani nayo huwa na floraidi. Ncha zilizokwisha kuungua hazitapona, lakini atazame majani mapya yatakayotoka baada ya kubadilisha maji.