Tupeane uzoefu: waifai inayokatika-katika kwenye laptopu ya zamani

Mwana wa Mkomani
Jamani, leo jirani kaniletea laptopu yake ya Windows 7. Waifai inashika, inakatika, inashika tena. Simu yake imelala papo hapo pembeni, haina neno. Nikakumbuka mwaka wa korona, masomo yote mtandaoni, kwetu Mkomani, Lamu, ruta iko msana wa tini, ule ukumbi wa karibu na ua, nami nasoma ndani, kuta za matumbawe unene dhiraa nzima. Mwalimu akifika penye maana tu, sauti imekwenda. Nyinyi mlitokaje?

Bi wa Langoni
Wallahi. Mlango ukifungwa tu, kwaheri.

Fundi wa Barani
Hapa Malindi hizi ndizo kazi zangu. Kama simu inapata na laptopu haipati, usikimbilie kulaumu kampuni ya mtandao. Ingia Device Manager, pale Windows inapoorodhesha vifaa vya kompyuta, fungua kadi ya waifai, sehemu ya umeme, toa alama kwenye kile kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi. Windows huilaza kadi ili betri idumu, na kadi za zamani zikilazwa nyingine haziamki vizuri. Halafu laptopu nyingi za miaka ya 2010 hushika masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Humo ndimo zimo ruta za mtaa mzima, Bluetooth na maikrowevu. Simu iko gigahezi 5, haijui shida hiyo. Masafa hayo yamegawanywa njia, ndizo chaneli; kwenye ruta chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Hizo tatu haziingiliani.

Mshela
Fundi, wewe umezoea nyumba za Malindi. Hiyo gigahezi 5 ndiyo inayoshindwa kabisa na ukuta wa mawe. Kwetu dawa ni kuvuta waya hadi chumbani na kuweka ruta ya pili.

Fundi wa Barani
Sikusema ukuta hauna neno. Nimesema simu na laptopu ziko nyuma ya ukuta huo huo. Soma kwanza ndipo ujibu.

Mshela
Nimesoma. Na nyumba ya Mkomani nimelala, wewe je?

Umu Salim
Msigombane, wanangu, niwape yangu. Binti yangu aliitwa mahojiano ya ufadhili wa chuo, ya video. Laptopu ni ya marehemu babake. Tukapanda juu kipaani, ndiko ilikokuwa ikishika, na kusi linavuma hata maneno hayasikiki. Katikati ya mahojiano ikakata. Akaifunga, akaitia kifuani, tukashuka mbio kwenda kwa shangazi yake karibu na gengeni. Uchochoroni punda wawili wamesheheni mawe, njia imezibwa, si mbele si nyuma. Mtoto analia. Nikagonga mlango ulio karibu, hata mwenyewe simjui: hodi, nipeni waifai yenu kwa ajili ya Mola! Akatoka bibi mtu mzima, akatuketisha kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, nywila imebandikwa nyuma ya mlango. Mwanangu akarudi hewani hijabu imemkaa upande, jasho linamtoka, akawaamkia na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Yule bibi alisimama kichochoroni akiwanyamazisha wapita njia mpaka mwisho.

Bi wa Langoni
Subhanallah! Alipata?

Kijana wa Watamu
Fundi, weka chaneli zako kando kwanza. Alipata??

Mama wa Maweni
Mimi nimelia. Allah amlipe huyo bibi.

Kijana wa Watamu
Huku tukisubiri: futa Windows, tia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, laptopu itakuwa mpya.

Mtu wa Faza
Atie Linux halafu akute kadi yake ni ya kampuni ya Broadcom, haitambuliwi mpaka apate draiva, ile programu ya kuiendesha, na draiva iko kwenye intaneti asiyokuwa nayo. Kama lazima, chomeka simu kwa waya wa USB, uitumie intaneti yake kupakulia. Bora anunue kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka USB, amalize.

Mama wa Maweni
Na mtazame saa! Yangu ilikuwa inashika waifai vizuri, lakini kila tovuti inasema si salama. Kumbe tarehe imerudi miaka nyuma, betri ya saa imekufa. Ile ya duara, CR2032.

Umu Salim
Alipata, alhamdulillahi, yuko chuoni sasa. Na laptopu tuliipeleka kwa fundi: waya wa antena, unaopita kwenye bawaba ya kioo, ulikuwa umekatika nyuzi. Ndiyo sababu ukiinua kioo hivi inashika, ukikilaza inaacha.

Fundi wa Barani
Mama, umenena. Antena za laptopu nyingi ziko pembeni mwa kioo, na bawaba ikichoka hula ule waya. Na huku pwani chumvi hushika hata vichwa vya waya pale kwenye kadi. Mwana wa Mkomani, fungua na ufunge kioo polepole ukitazama alama ya waifai kabla hujanunua chochote. Ukiamua kubadilisha kadi ya ndani, jihadhari: baadhi ya Lenovo na HP za zamani BIOS yake, ile programu inayoamsha mashine, hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake, na mashine haiwaki mpaka uitoe.

Mshela
Hapo kwenye bawaba nakuunga mkono. Ukuta bado tutauzungumza.