Ndege ya kujitengenezea, kutoka Uingereza hadi Le Touquet

Rubani_Kent: Wakuu, ndege yangu ya viti viwili niliijenga mwenyewe. Ina kibali cha kuruka cha Uingereza, si cheti kamili cha ubora. Naruhusiwa kuvuka nayo hadi Ufaransa?

FundiBawa: Inawezekana mkuu, ila si haki yako. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinazibana nchi zitambue cheti kinachofikia viwango vya kimataifa. Kukubali kibali ni hiari ya nchi mwenyeji. Ndege za kujitengenezea zinabebwa na pendekezo la 1980 la ECAC (jumuiya ya usafiri wa anga ya nchi za Ulaya), na kila nchi ina masharti yake. Ya kiwandani haimo humo, hata ikiwa na kibali. Hapo ndipo wengi hunasa.

KaratasiKwanza: Soma masharti ya kibali chenyewe. Kikisema uruke mchana na kwa kuona nje tu, bila kutegemea vyombo, mawingu yakishuka baharini unageuza, hakuna mjadala. Fomu ya GAR (taarifa ya safari na waliomo, kwa mamlaka za mpaka za Uingereza) itume ndani ya saa 48, lakini isipungue saa 2 kabla ya kuondoka. Mpango wa safari, dakika 60 kabla.

Rubani_Kent: Na bima?

FundiBawa: Iitaje Ufaransa. Na angalia tarehe: kibali kikiisha ukiwa huko, ndege haipai, na bima huenda ikakuruka.